Kanda za Betty

Sehemu ninayoipenda kuliko zote katika albamu ya Cornell 5/8/77 haina muziki. Ni mwanzo wa awamu ya pili ya onyesho. Wapigaji wa Grateful Dead wamerudi jukwaani, na Bob Weir, mpiga rizimu, anawaomba watu warudi nyuma hatua moja, maana walio mbele kabisa wanabanwa kwenye ukingo wa jukwaa. Anarudia ombi, anatia utani, anarudia tena. Zinapita kama dakika mbili. Waliotoa albamu hiyo mwaka 2017 hawakulikata tangazo hilo. Wamelipatia hata namba yake kwenye orodha, sawasawa na wimbo. Mwenye haraka ataliruka. Mimi nalisikiliza kila mara, kwa kuwa vyombo vikinyamaza ndipo unapouona ukumbi: sauti ya Weir iko hapa, karibu na sikio, na kelele za wanafunzi zinaingia kwa mbali kupitia maiki za waimbaji, kama mvua ambayo bado iko mtaa wa pili.

Umbali huo haukujipanga wenyewe. Kuna mtu aliyeupima usiku uleule, kwa vidole vyake, na jina lake ni Betty Cantor-Jackson.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York. Nje theluji ilianguka, ingawa Mei kwao si mwezi wa theluji. Barton Hall haikujengwa kwa ajili ya muziki. Ilijengwa katika muongo wa 1910 ili wanafunzi wapigie kwata humo, na mpaka leo ina njia ya kukimbilia mbio. Ni jengo la mawe na chuma, refu, lenye paa la juu sana. Fundi mitambo yeyote akiingia mahali kama hapo hupiga makofi mara moja, asikilize mwangwi unavyozunguka, kisha agune.

Bendi yenyewe ilitoka California, ikaanza mwaka 1965 na kufika mwisho 1995 alipofariki Jerry Garcia, mpiga solo wake. Katika miaka hiyo 30 ilipiga maonyesho zaidi ya 2,300. Albamu zake za studio, nitasema bila woga, nyingi ni za kawaida. Watu hawa walikuwa wa jukwaani. Wimbo ulianza kwa maneno, ukafunguka katikati, na hakuna aliyejua utarudi lini. Mtu aliyekulia kwenye dansi haoni ajabu. Anajua kwamba maneno yakiisha ndipo kazi inapoanza. Tofauti ni kwamba hawa waliweza kukaa humo dakika 20 bila mtu wa kuwapigia filimbi, na kesho yake wakaupiga wimbo uleule kwa njia nyingine kabisa. Bendi ya namna hiyo isiporekodiwa kila usiku, imepotea. Wao wenyewe walilitambua hilo mapema, wakaweka watu wa kurekodi, Betty akiwa mmoja wao.

Ugumu wa kazi hiyo niliujua kwa aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nambebea nyaya fundi mitambo wa bendi moja ya dansi hapa Dar es Salaam. Jumamosi moja nikachomeka deki ya kaseti kwenye mdomo wa miksa, nikabonyeza kitufe chekundu, nikajiona nimemaliza. Ukumbi ulikuwa umewaka usiku ule. Watu walicheza mpaka meza zikasogezwa ukutani. Kesho yake asubuhi nikawakusanya jamaa zangu nyumbani, nikaweka kaseti. Mwimbaji alitoka wazi kabisa, mpaka pumzi yake. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Gitaa la solo lilikuwa limepotelea mbali, besi haipo, na drams zilisikika kama jirani anayesugua sufuria. Jamaa mmoja akaniuliza kwa upole kama bendi ilikuwa na mgomo.

Fundi wangu alicheka sana nilipomsimulia. Akanieleza, na maelezo yake sijayasahau. Ukumbi ni mdogo. Drams zinajisikilizisha zenyewe, hazihitaji mtu. Ampli ya solo inatosha kujaza chumba. Kwa hiyo yeye kwenye miksa hakuzipandisha. Alichopandisha ni kile ambacho ukumbi ulikikosa, yaani sauti ya mwimbaji. Kaseti yangu haikurekodi bendi. Ilirekodi upungufu wa ukumbi.

Ndiyo sababu kanda nyingi zilizotoka moja kwa moja kwenye miksa, za bendi yoyote duniani, ni kavu na zimeinama upande mmoja. Na kanda iliyorekodiwa kwa maiki iliyosimamishwa katikati ya watu ina ugonjwa wa kinyume: joto lote la ukumbi limo, ila maneno yamezama, na kuna mtu mmoja anayepiga mluzi sikioni mwako mpaka mwisho. Betty aliikwepa mitego yote miwili. Dan Healy ndiye aliyekuwa akichanganya sauti za kuwafikia watu ukumbini. Betty alikuwa akifanya mchanganyo mwingine, wa kwake, kwa ajili ya kanda tu. Maiki moja, safari mbili: huku inakwenda kwenye spika, kule inakwenda kwake. Kwa upande wake ilimbidi aziweke drams mahali pake hata kama tayari zinamtetemesha kifua, ampe besi nafasi yake, ayatenge magitaa mawili. Jaribu kuonja chumvi ya mchuzi mmoja huku mdomo wako umejaa mchuzi mwingine.

Mashine aliyojulikana nayo ni Nagra, kinasa sauti cha Uswisi alichokibuni Stefan Kudelski, mzaliwa wa Poland; jina lake kwa Kipolandi lina maana ya "itarekodi". Waandishi wa redio na watengeneza filamu wa zama zile waliiheshimu sana, kwa kuwa ilikuwa ndogo, imara, na haikudanganya. Lakini ilikuwa na njia mbili tu, kushoto na kulia, na msomaji asipoielewa hali hiyo hataelewa kwa nini nazisifu kanda hizi.

Studio kubwa za wakati huo zilikuwa na mashine za njia 16 au 24. Kila chombo kinapewa njia yake, kisha watu wanakaa wiki nzima kupandisha hiki na kushusha kile. Betty alizijua mashine hizo vizuri. Yeye na fundi mwenzake, Bob Matthews, ndio waliorekodi Live/Dead ya mwaka 1969, mojawapo ya albamu za kwanza za jukwaani za rock kurekodiwa kwa njia 16. Ziara ya Ulaya ya mwaka 1972 pia ilirekodiwa kwa njia 16, na albamu ya Europe '72 ilipotayarishwa, waimbaji walirudi studio wakaimba upya sehemu zao nyingi. Sikiliza kwa makini utaona: waimbaji wamependeza mno kwa watu waliosimama jukwaani muda mrefu.

Kwenye njia mbili hakuna kurudi. Sukari ikishakorogwa kwenye chai haitolewi. Mpiga drams akizidi, amezidi milele. Mwimbaji akikohoa, atakohoa hivyo hivyo miaka 40 baadaye kwenye sebule ya mtu ambaye hajazaliwa. Wasikilizaji wa rika langu wanalijua hilo bila kufundishwa, maana bendi za dansi zilipoingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga pamoja, kwa mkupuo, na ustadi ulikuwa katika kupanga nani asimame wapi mbele ya maiki kabla ya taa kuwaka. Ila pale kulikuwa na kuta nne zenye utulivu, na aliyekosea alianza upya. Barton Hall hakuna kuanza upya.

Kuna pia jambo la utepe wenyewe. Utepe wa futi 1,200 unaokwenda inchi 7.5 kwa sekunde unakwisha baada ya dakika 32. Ukiongeza mwendo ili upate sauti safi zaidi, muda unapungua kwa nusu. Sasa fikiria bendi ambayo wimbo wake mmoja unaweza kula dakika 25, na mwingine unafuata bila kituo. Anayerekodi lazima aijue bendi kama mke anavyojua nyayo za mumewe mlangoni. Lazima ahisi kwamba Garcia hajamaliza, hata akionekana amemaliza. Kwamba huu ni wakati wa kubadili kanda, na ule si wakati. Mashabiki wa bendi hii wana orodha ndefu za nyimbo zilizokatwa katikati kwa sababu fundi fulani alikisia vibaya.

Basi nije kwenye muziki, kwani nimeuzunguka vya kutosha.

Baada ya lile tangazo la kurudi nyuma wanaanza Scarlet Begonias, na kutoka humo wanaingia Fire on the Mountain. Zote mbili kwa pamoja zinapita dakika 25. Wimbo wa pili ulikuwa mgeni. Walikuwa wameanza kuuunga na ule wa kwanza mwezi Machi mwaka huohuo, hata miezi miwili haijatimia. Una kodi mbili tu za gitaa. Kodi mbili, kwenda na kurudi, kwa robo saa. Kwenye karatasi ni adhabu.

Sikiliza kinachotokea mpakani. Maneno ya wimbo wa kwanza yameisha, Donna Jean Godchaux anapaza sauti juu ya vyombo, kisha naye anaondoka. Mdundo unabaki, lakini umeanza kulegea, kama mtu anayeshuka kilima na kuacha miguu ijiongoze. Phil Lesh kwenye besi anaanza kupendekeza kitu kingine. Hapigi besi ya wimbo mpya. Anaigusa, anaiacha, anaigusa tena. Wapiga drams wako wawili, Bill Kreutzmann na Mickey Hart, na wapiga drams wawili wakirekodiwa ovyo huwa fujo, kila kofi na kivuli chake. Hapa unawasikia wote wawili na hawagongani. Mmoja anabaki na wimbo wa zamani, mwingine tayari amevuka. Keith Godchaux anadondosha noti chache za piano kama mtu anayetupa kokoto kwenye maji kupima kina. Na Garcia anachelewa. Anajifanya hajui kwamba wenzake wamehama. Halafu anaingia, kwa kifaa cha mguuni kinachoitwa Mu-Tron kinachoifanya kila noti ifungue mdomo na kuufunga, na unagundua kwamba wimbo wa pili umekuwa ukipigwa kwa muda.

Nimeurudia mpaka huo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, nikitafuta mahali ambapo Betty alisogeza kitu. Mchanganyaji wa kawaida angefanya nini? Angesikia besi inaanza kuleta habari mpya, angeipandisha. Angesikia gitaa linaingia, angelisukuma mbele, watu walione. Ni kishawishi cha kila fundi: kumwonyesha msikilizaji kwa kidole. Yeye aliipa besi nafasi pana tangu mwanzo, akaliacha gitaa lisimame mahali pake, na kila badiliko unalolisikia linatoka kwenye vidole vya wapigaji, halitoki kwenye vidole vyake. Nasema hivi nikijua kwamba lazima mikono yake ilisogea. Saa tatu haziendi bila mikono kusogea. Ila sijaukamata mkono huo hata mara moja.

Miezi minane kabla ya usiku ule Betty alikuwa amempoteza mumewe, Rex Jackson, fundi wa vyombo wa bendi hiyohiyo, kwa ajali ya gari. Alirudi kazini. Kanda za masika ya 1977, Cornell na miji iliyoizunguka, New Haven, Boston, Buffalo, ndizo wengi wanazozihesabu kuwa kilele chake.

Kilichozipata baadaye ni cha kusikitisha. Miaka ya 1980 uhusiano wake na bendi ulikatika, nyumba ikamponyoka, na mali zake zikahifadhiwa kwenye ghala la kukodi. Kodi ya ghala ikamshinda. Mwaka 1986 vilivyokuwamo vikapigwa mnada, na pamoja na vyombo vya nyumbani zilikuwamo kanda, mamia ya kanda, kila moja na tarehe na jina la mji. Walionunua hawakuwa bendi. Baadhi ya kanda ziliangukia kwa watu waliojua thamani yake, zikanakiliwa, nakala zikanakiliwa tena, zikaenea kwa mashabiki kwa njia ya posta, bila malipo, kaseti kwa kaseti. Watu wakazipa jina, Betty Boards. Nyingine zilikaa ghalani miaka kadhaa zikaota ukungu, mpaka akapatikana mtu wa kuzisafisha moja moja.

Mtu aliyeishi pwani anaujua ukungu wa kanda, na ugonjwa mwingine ulio jirani yake. Kanda nyingi za miaka ya 1970 zina gundi inayofyonza unyevunyevu wa hewa. Gundi inalainika, utepe unanata kwenye mashine, unapiga kelele kama panya, na unga wa kahawia unabaki kwenye kichwa cha kusomea. Unga huo ndio muziki. Dawa yake inachekesha ukiisikia mara ya kwanza: kanda huokwa, kwenye joto la nyuzi 50 na ushee, kwa saa kadhaa, kisha husomwa kabla haijalainika tena. Nimewahi kushika kaseti yangu ile ya aibu, imenata, nikafikiria jiko. Sikuthubutu.

Sasa kuna kichekesho. Kanda ya Cornell ilienea hivyo mpaka ikawa pengine onyesho linalojulikana kuliko yote ya bendi hii. Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kuiingiza kwenye rejesta yake ya kitaifa ya sauti zilizorekodiwa, mahali pa kuhifadhiwa sauti zenye uzito katika historia ya nchi ile. Na wakati huo ghala la bendi yenyewe halikuwa na kanda ya asili. Taifa limeitambua, wenyewe hawanayo. Ilirudi miaka kadhaa baadaye, na albamu ikatoka tarehe 5 Mei 2017, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 40.

Hapo mafundi wengine wakaingia, na kazi yao nayo nataka kuielezea kidogo.

Bendi hii ilikuwa na desturi ya kutoa kanda za njia mbili kama zilivyo. Aliyeianzisha ni Dick Latvala, shabiki mkusanya kanda aliyegeuka kuwa mtunza ghala lao, ambaye kuanzia mwaka 1993 alichagua maonyesho kwa ajili ya mfululizo uliobeba jina lake, Dick's Picks. Zikafika albamu 36 kufikia 2005, ingawa yeye alifariki 1999. Kwenye majalada waliweka onyo kwa mnunuzi kwamba sauti ina kasoro za umri na mazingira yake. Ni jambo dogo, lakini nampenda mwuza machungwa anayekuonyesha lenye doa kabla hujalipa. David Lemieux, aliyerithi kazi hiyo, ndiye mtayarishaji wa Cornell.

Kanda ya 1977 haiwezi kuchanganywa upya, kwa hiyo walifanya nini? Waliinyoosha mwendo. Kila mashine ya utepe inayumba. Mota haizunguki sawa kabisa, utepe unavutika, na noti ndefu ya piano inatetemeka kidogo sana, kiasi ambacho sikio halisemi "hii inayumba", linachoka tu. Kampuni ya Plangent Processes ilipata njia ya werevu. Kanda inaporekodiwa, mashine huchanganya humo mlio wa juu mno, mara kadhaa kupita Hz 20,000 ambazo ndizo kikomo cha sikio la binadamu, ili sumaku ipokee sauti bila kuikwaruza. Kazi ikiisha mlio huo hauna maana kwa mtu yeyote, ila masalia yake hubaki kwenye utepe. Ulipoingia ulikuwa umenyooka. Basi wanausoma kwa kichwa maalumu, wanatazama umepinda wapi, na palipopinda ndipo mwendo ulipoyumba. Programu inaupinda muziki kinyume chake mpaka mlio ule unyooke tena. Nyayo za mashine zilikuwamo siku zote, chini ya muziki, zikingoja mwenye kuzisoma.

Kisha Jeffrey Norman akaiweka sawa sauti ya mwisho, na humo nasikia ustaarabu uleule. Albamu nyingi za miaka hii husukumwa juu mpaka kila kitu kiwe na nguvu moja. Mnong'ono na kilio vinalingana. Hii imeachiwa mabonde yake. Panapokuwa kimya, ni kimya, na itakubidi usogeze kiti.

Je, Cornell ndilo onyesho bora la Grateful Dead? Sidhani, na wapo mashabiki wa kweli wanaosema vivyo hivyo, wakikuonyesha Boston siku moja kabla au Buffalo siku moja baadaye. Ninaamini kwamba ulikuwa usiku mzuri sana wa bendi iliyokuwa na wiki nyingi nzuri, na kwamba kanda ndiyo iliyoufanya uwe mkubwa. Waliufunga kwa wimbo wa kushangilia usiku wa Jumamosi, na siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Na sisemi kwamba kila kitu kilichomo ghalani kinastahili kutolewa. Ziara ya Ulaya ya 1972 ilitolewa yote mwaka 2011, maonyesho 22, diski 73. Namheshimu aliyezisikiliza zote. Mimi nilikuwa na shughuli.

Fundi wangu sasa ni mzee, masikio yake ya juu yameondoka, anavyosema mwenyewe, lakini ya chini bado yapo. Mwezi uliopita nilimpelekea albamu hii na hedifoni nzuri za kuazima. Baada ya shikamoo na chai nikamwambia tu kwamba ni bendi ya Marekani, jukwaani, njia mbili. Nikamwekea Morning Dew, wimbo wa kabla ya kufunga, ule ambao Garcia anauimba polepole na mwishoni gitaa linapanda mpaka unadhani kitu kitakatika.

Alikaa kimya. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, vidole vimetandazwa kama viko kwenye miksa, navyo vilikuwa vikisogea kidogo kidogo, nadhani bila yeye kujua. Besi ilipozama akaishusha moja. Drams zilipojaa akazirudisha. Kisha bendi nzima ikashuka, Garcia akabaki karibu peke yake, sauti imepungua mpaka nusu ya neno inapotelea kwenye hewa ya ukumbi, na nikaona kidole cha kati cha mzee kinaanza kupanda, kile cha mwimbaji, kumsaidia.

Kikasimama katikati. Akakiangalia kidole chake.

"Hakumpandisha," akasema.

"Hapana, Fundi."

Akaivuta hedifoni upande mmoja, akanitazama. "Na mimi ningempandisha." Akairudisha sikioni. "Rudisha nyuma kidogo. Pale anaposhuka."